Nukta Kumi Chini ya Kikombe

Kesho saa tatu asubuhi Oliva angesomewa mashtaka ya wizi katika mahakama ya Mbulu, na Inspekta Genoveva Hhando alikuwa bado hajampata mtu wa kumweleza sawasawa ni nini kilichoibwa. Jambo hilo lilimkera. Jalada lilikuwa na kurasa kumi na tisa, mihuri minne na sahihi za watu wazima wenye akili zao, lakini katika kurasa zote hizo hakuna aliyejisumbua kuvigeuza vikombe na kutazama vitako.

"Mimi nasema tu, afande," alisema Koplo Patriki, akipunguza mwendo kwenye kona ya mwisho ya kupanda Tlawi. "Nina kesi mbili za ng'ombe mezani, halafu tunapanda mlima kwa ajili ya vikombe vya chai."

"Ng'ombe wako wamekaa mezani mwezi mzima, watakaa na leo. Endesha."

Oliva alikuwa kiti cha nyuma, bila pingu. Genoveva alikuwa amekataa pingu waziwazi, mbele ya mkuu wa kituo. Mama huyu alikuwa na miaka thelathini na minne. Tope la Desemba 2023 lilimchukulia mume na nyumba kule Jorodom, Katesh, akapanda Tlawi na watoto wawili kuishi kwa mama mkwe wake, Bibi Philomena. Miaka miwili akawa mikono na macho ya kikongwe yule. Ndiyo maana ufunguo wa kabati la vyombo ulikuwa kwake, na ndiyo maana vidole vyote vilimwelekea yeye.

"Mabati ishirini," alisema Genoveva bila kugeuka. "Yameandikwa kwenye jalada kana kwamba ni ushahidi. Uliyanunua Septemba."

"Niliuza mtamba mnadani Katesh, afande. Kibali cha mifugo kina jina langu."

"Nimekiona. Nilipiga simu jana kuhakikisha. Mabati yametoka kwenye hesabu." Akafungua daftari lake. "Sasa niambie kuhusu vikombe. Mara ya mwisho vilitoka lini kabatini kwenda kwa watu?"

"Julai. Jubilei ya parokia. Mama hakatai vyombo vyake wageni wa kanisa wakija."

"Vingapi vilikwenda?"

"Vitano. Paroko alikuwa na wageni wanne, na yeye wa tano. Nilivibeba mwenyewe kwenye beseni, nimevifunga na kanga."

"Viliporudi?"

"Nikaviosha, nikavitia alama. Mama zamani alitia mwenyewe, sasa macho yamechoka. Kila kikombe kikienda kikarudi, kinapigwa nukta moja ya rangi ya kucha kitakoni. Na kisahani chake vilevile."

Patriki akacheka kidogo. Mke wake naye alikuwa na sufuria zenye alama ya rangi kitakoni, maana sufuria ikishakwenda msibani bila alama, kuiona tena ni bahati. Genoveva hakucheka. Aliandika neno moja, *vitano*, akalipigia mstari mara mbili.

Nyumba ya Bibi Philomena ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imepakwa chokaa nusu, na upepo wa Oktoba ulikuwa ukipeperusha mabua ya mahindi hadi kizingitini. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameshafika kuwa shahidi, kama alivyoombwa. Pembeni, chini ya michongoma, lilisimama gari jeupe la kukodi.

Cyprian alikuja kuwapokea uani. Alikuwa mtoto wa mwisho wa bibi, mnunuzi wa maharage mjini Katesh, amevaa jaketi safi na viatu visivyojua shamba. Yeye ndiye aliyefungua kesi. Alimpita shemeji yake bila kumtazama, akampa Inspekta mkono.

"Shikamoo afande. Karibu. Mama yuko ndani, hajisikii vizuri tangu haya mambo. Ningeomba tusimchoshe."

"Marahaba. Hatutamchosha. Wewe ndiye uliyemleta mthamini?"

"Ndiyo. Mama alitaka kuuza vile vikombe amjengee huyu nyumba." Alielekeza kidevu kwa Oliva. "Mimi nikasema sawa, basi tumtafute mtaalamu. Agosti nikavipiga picha nikamtumia Urban, yuko Arusha, anashughulika na vitu vya kale. Akavipenda. Oktoba amekuja kuviona kwa macho, anakuta ni vya bandia! Vya kweli vimeshauzwa. Nani ana ufunguo?"

"Ulipovipiga picha ulivigeuza?"

"Kimoja tu, ili aone muhuri wa kiwanda."

"Na jubilei ya Julai ulikuwepo?"

"Hapana, ulikuwa msimu wa maharage."

"Lakini vikombe vilikwenda."

"Vilikwenda vyote sita, kama kawaida. Seti ni seti."

Genoveva akamshukuru kwa adabu zote. Patriki, aliyefanya naye kazi miaka mitano, alijua kwamba afande akishukuru hivyo mtu ameshaharibikiwa, akaacha kuwaza ng'ombe.

Sebuleni, Bibi Philomena alikuwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, mgolole mabegani, fimbo kati ya magoti. Miaka themanini na minne haikuwa imemkunja mgongo, ila ilimwekea ukungu machoni. Genoveva alipiga goti kidogo.

"Shikamoo bibi. Mimi ni Inspekta Hhando."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni Hhando wa wapi?"

"Wa kule Daudi, bibi."

"Ahaa. Kaa." Kisha, kwa sauti iliyopungua: "Mmekuja naye?"

"Tumekuja naye."

"Shikamoo mama," alisema Oliva kutoka mlangoni. Kikongwe hakuitikia. Kutoitikia shikamoo, katika nyumba kama ile, ni zaidi ya kofi, na Oliva alilipokea akiwa amesimama. Genoveva alisikia hasira ikimpanda, akaimeza kwa sababu alikuwa na kazi.

Urban alikuwa ameketi karibu na dirisha, mtu wa miaka hamsini hivi, miwani imening'inia kifuani. Mezani palikuwa na bahasha yake. Alieleza kwamba amerudi kumsaidia bibi: hata kama vikombe ni vya bandia, yeye atavichukua vyote sita kwa elfu sitini, asije akabaki mikono mitupu.

"Una roho nzuri," alisema Genoveva. "Koplo, toa vielelezo."

Patriki akavipanga mezani, vikombe sita na visahani sita, vyeupe, ukingo wa dhahabu, maua ya waridi ubavuni. Vilikuwa vyembamba hata mwenyekiti wa kitongoji alirudisha kiti nyuma asivivunje kwa pumzi. Historia yake ilikuwa kwenye jalada: sista Mjerumani alikuja Mbulu kabla ya vita kuu ya pili, na sandukuni mwake alikuwa na vyombo vya chai vya mama yake. Mwaka 1964, akirudi kwao, alimwachia Philomena, msichana aliyewapikia masista.

"Bwana Urban, nifundishe. Ulijuaje ni bandia?"

Urban akavaa miwani, akachagua kikombe kimoja bila kusita. "Angalia haya maua. Yamechapwa, ni karatasi ya picha imebandikwa ikachomwa. Ukiweka lenzi unaona vitone vya uchapaji, kama picha ya gazetini. Kikombe cha zamani cha aina hii kilichorwa kwa mkono. Halafu muhuri." Akakigeuza. "Imeandikwa Ujerumani Magharibi. Ujerumani iligawanyika baada ya vita. Sista alikuja kabla ya vita. Angewezaje kuja na kikombe cha nchi ambayo haijazaliwa?"

"Hoja nzuri sana," alisema Genoveva, na alimaanisha. "Na hivyo vingine vitano?"

"Afande, seti ni seti. Kimoja kikiwa bandia, vyote bandia."

Maneno yaleyale. Genoveva alimtazama Cyprian, aliyekuwa akitazama sakafu, kisha akatoa lenzi ndogo mfukoni mwa koti. Alikuwa amefanya kazi miaka mitatu kwenye dawati la ukaguzi wa uwanja wa ndege, ambako vinyago vipya vilipakwa masizi vikasafiri kwa jina la vikuukuu, na vikuukuu vikasafiri kwa jina la vipya. Mama mmoja wa forodha alimfunza huko kwamba chombo cha udongo kinaanza kusomwa chini.

Alichukua kikombe cha pili, akakipeleka dirishani. Mwanga ukapita ndani yake, kivuli cha vidole vyake kikaonekana upande wa pili. Akapitisha kucha juu ya waridi, akasikia rangi imeinuka, mchirizo wa brashi. Waridi la kikombe cha tatu lilikuwa na majani matano. La pili lilikuwa na manne. Dhahabu ilikuwa imelika kwenye mkono wa kikombe, mahali dole gumba linapokaa, na kwenye ukingo mahali midomo inapogusa. Duara la kitako, lisilo na mng'ao, lilikuwa limegeuka rangi ya chai kwa miaka. Muhuri ulikuwa wa bluu, umefifia, jina la mji wa Bavaria, Ujerumani, basi. Hapakuwa na Magharibi wala Mashariki.

Hakuharakisha. Alifanya hivyo kwa vitano vyote na visahani vyake, na muda wote Urban alikuwa akivua miwani na kuivaa.

"Andika, mwenyekiti aone," alimwambia Patriki. "Vitano vimechorwa kwa mkono, ni vya zamani. Kimoja kimechapwa, ni cha juzi kikilinganishwa na wenzake. Umbo moja, kiwanda kimoja, lakini ni mdogo wao wa miaka thelathini. Vya hivyo ukitafuta Arusha kwenye mitumba ya vyombo, hukosi."

"Haiwezekani!" Cyprian aliinuka.

"Kaa. Bwana Urban, kama vyote sita vingekuwa vya kweli, bei yake ni ngapi?"

Urban alikohoa. "Kwa mnunuzi wa Ulaya... milioni nne. Inategemea."

"Na vitano?"

"Vitano ni vyombo vya chai tu. Laki tatu, nne. Seti ikivunjika na bei inavunjika."

"Basi nisaidie tena, wewe ni mtaalamu. Nina ufunguo wa kabati. Nina usiku kucha. Mbele yangu kuna milioni nne. Kwa nini nichukue kikombe kimoja, niharibu bei ya kile nilichochukua na ya vile nilivyoviacha?"

Urban alisogeza bahasha yake upande wake wa meza.

"Anayechukua kimoja ni mjinga," aliendelea Genoveva, "au ni mtu anayetegemea kuvipata hivyo vitano baadaye, kwa elfu sitini, akaviunganisha na cha sita. Oliva hana mpango wa kuvinunua. Nani ana bahasha mezani?"

"Mimi nimethamini nilichoonyeshwa!" Urban alisema.

"Ulionyeshwa sita. Ulishika kimoja tu, bila kusita, leo kama siku ile. Ulijua cha kushika." Akamgeukia kikongwe. "Bibi, samahani, nakuomba kazi kidogo. Alama zako huwa unazijua kwa vidole?"

Uso wa Bibi Philomena uliamka. "Nazijua kama rozari. Ila hakuna aliyeniuliza. Mmemwuliza mgeni wa Arusha habari za vyombo vyangu mimi."

"Nakuuliza mimi."

Akamwekea kikombe cha kwanza mikononi. Kidole cha kikongwe kilizunguka kitako taratibu. "Hii nene ni rangi ya madirisha ya shule, mwaka sitini na sita, kuja kwa padri mpya. Hii... hii ni harusi ya Yusta, maana alikuwa mtoto wa katekista." Akaendelea hadi mwisho. "Kumi. Ya kumi ni ya Julai, Oliva ndiye aliyeipiga, mkono wake mwepesi."

Cha pili kumi. Cha tatu kumi. Cha nne, cha tano, kumi. Genoveva akampa cha sita, kile cha Urban, na mwenyekiti wa kitongoji alisogeza kiti bila kujijua.

Kidole kilizunguka mara moja. Kikarudi, kikazunguka tena.

"Zote ni laini," alisema bibi. "Za siku moja. Nane, tisa." Kidole kikasimama. "Kumi."

"Zinatakiwa ziwe ngapi, bibi?"

"Tisa. Kwenye jubilei vilikwenda vitano. Kimoja kilibaki kabatini, hakikuvuka mlango. Nukta ya kumi kimeitoa wapi?"

"Oliva," aliita Genoveva, "Julai ulipiga nukta vikombe vingapi?"

"Vitano, afande. Nilikuambia kwenye gari."

"Uliniambia. Mtu aliyevibeba, akaviosha, akavipiga nukta kwa mkono wake, anajua kimoja kina tisa. Akitaka kughushi, atapiga tisa. Aliyepiga kumi ni mtu ambaye hakuwepo Julai, anaamini vilikwenda vyote sita, na alikuwa na picha ya kitako cha kikombe kimoja cha kunakili." Hakuongeza sauti. "Cyprian. Uani umeniambia vilikwenda vyote sita. Umeniambia ulipiga picha kitako kimoja. Nipe simu yako."

"Huyu ndiye aliyepiga kumi, ili tudanganyike!" Cyprian alimwoneshea Oliva kidole. "Ana akili huyu, hamumjui!"

"Septemba," alisema Bibi Philomena.

Kila mtu alimgeukia.

"Septemba ulikuja na sukari kilo mbili. Oliva alikuwa mtoni kufua. Ukamfuata kuchukua ufunguo, ukasema unataka kumfutia mama vumbi kabatini. Nikawaambia majirani, mwanangu ana moyo." "Ulikuwa unafuta nini, Cyprian?"

Urban ndiye aliyezungumza, haraka haraka, kama muuzaji anayeona mvua inakuja juu ya bidhaa zake. "Afande, mimi ni mfanyabiashara. Kikombe kipo, salama, na kisahani chake, nyumba ya wageni pale Katesh chumba namba sita. Alikileta Cyprian mwenyewe. Cha kubadilishia nilimtafutia mimi, nakiri, lakini rangi alipaka yeye. Ujumbe wote uko kwenye simu, wazo lilikuwa lake."

"Yataandikwa kwenye maelezo yako, baada ya kuonywa. Koplo, simu zote mbili, na fomu ya kukamata mali. Mwenyekiti atasaini."

Patriki alizichukua simu kwa furaha ambayo kesi ya ng'ombe haijawahi kumpa.

"Kwa nini?" bibi alimwuliza mwanawe. "Ungeniomba ningekupa."

Ndipo Cyprian alipopasuka. "Ungenipa? Baba alipokufa ulinipa nini? Vyombo vya mama yangu vikamjengee nyumba mwanamke aliyekuja na beseni! Kaka kafa, yeye bado anakula hapa! Mimi je? Mimi si mwanao?"

"Ulikuwa tayari afungwe," alisema Genoveva.

"Angepewa onyo tu. Ni mjane, wangemwonea huruma."

Oliva, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote ule, aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Na wanangu wangelala wapi hizo siku, shemeji? Ulishawapangia?"

Patriki alimfunga Cyprian pingu, akamtoa pamoja na Urban, na mwenyekiti akawafuata hadi kwenye gari akiwa amebeba bahasha kwa ncha za vidole. Genoveva alibaki kufunga jalada. Aliandika kwamba hakuna kosa lililothibitika dhidi ya Oliva na kwamba ataomba mashtaka yaondolewe kabla ya saa tatu, akapiga sahihi kubwa kuliko kawaida yake. Alijisikia vizuri, na hakuona sababu ya kuficha.

"Imekwisha, mama," alimwambia Oliva. "Kesho huendi popote."

"Asante, afande." Lakini hakusogea pale mlangoni.

Bibi Philomena alikuwa ameshikilia fimbo kwa mikono miwili. Kwa desturi za kwao mama mkwe haombi radhi. Hutuma kuku, au hutuma mtu.

"Oliva. Nisamehe mwanangu."

"Nimekusikia, mama."

"Umenisikia tu?"

"Uliniita mwizi mbele ya jumuiya." Sauti ya Oliva ilikuwa tulivu, ila machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. "Ulisimama baada ya sala ukasema nimekuibia. Wanangu walikuwa wamekaa mkeka wa mbele. Tangu siku ile hakuna nyumba inayowaruhusu kuingia kucheza. Wewe umeniomba radhi humu ndani, na humu ndani hakuna mtu."

Genoveva alijifanya anatafuta kifuniko cha kalamu.

"Jumuiya ni Jumamosi," alisema bibi.

"Ndiyo, mama."

"Leo Jumatano."

"Ndiyo."

Kikongwe aliegemea fimbo, akainuka. Mgolole ukaanguka begani, Oliva akakurupuka kuushika kwa mazoea, kisha akasita, mkono ukabaki hewani.

"Jumuiya ina nyumba kumi na nne," alisema Bibi Philomena. "Nitaanza na ya Gaudensia, ndiye mwenye mdomo."

"Kuna mlima, mama. Miguu yako haiwezi."

"Ulimi uliweza."

"Bibi, gari lipo," alisema Genoveva. "Patriki atakupeleka."

"Siendi kwa gari. Nataka wanione nakuja."

Walishuka kwenye njia ya katikati ya mashamba, kikongwe mbele akipapasa kwa fimbo, Oliva hatua moja nyuma, kisha, baada ya jiwe la kwanza, ubavuni mwake akimshika kiwiko. Genoveva aliwafuata kwa mbali, ingawa kazi yake ilikuwa imekwisha na Patriki alikuwa akipiga honi. Kwa Gaudensia palikuwa na wanawake watatu wanapukuchua mahindi. Waliinuka kumsalimu mkubwa wao. Bibi Philomena hakusubiri shikamoo wala kiti.

"Oliva si mwizi," alisema. "Mwizi nilimzaa mimi."